Chujio la maji jikoni: Mkazi wa Maswa aanze kwa kuyajua maji yake

MACHUJIO ya maji yanayofungwa chini ya sinki yamekuwa bidhaa ya kawaida katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya mijini. Familia nyingi huyanunua zikiamini kwamba maji yakishapita ndani yake huwa salama, bila kujali yametoka wapi.

Imani hiyo ina kasoro. Hakuna chujio moja linaloondoa kila kitu, na lililofanya kazi vizuri Dar es Salaam au Mwanza laweza kuwa fedha iliyopotea Maswa. Kwa mkazi wa wilaya hiyo ya Mkoa wa Simiyu, swali la kwanza si chujio gani linauzwa, bali ni nini kilichomo ndani ya maji yanayotakiwa kuchujwa.

Maji ya aina mbili

Wilaya ya Maswa, iliyokuwa sehemu ya Shinyanga kabla ya Mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012, ina vyanzo vya maji ambavyo matatizo yake hayafanani.

Cha kwanza ni maji ya juu ya ardhi, yaani mabwawa, malambo na mito ya msimu. Mji wa Maswa kwa miaka mingi umetegemea Bwawa la New Sola, ambalo maji yake husambazwa na Mamlaka ya Maji ya Maswa, MAUWASA. Maeneo mengi ya Usukuma yana udongo mweusi wa mbuga, na mvua inaponyesha udongo huo huingia katika mabwawa na malambo. Chembe zake ni ndogo mno kiasi kwamba ndoo ya maji ya lambo yaweza kukaa siku nzima bila kutulia.

Cha pili ni maji ya visima virefu. Haya huonekana meupe na hayana tope, lakini baadhi yake yana chumvi na madini ya floraidi. Simiyu na Shinyanga ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania ambayo baadhi ya visima vyake vimekutwa na floraidi nyingi, pamoja na Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi katika lita moja ya maji ya kunywa. Tanzania kwa muda mrefu iliruhusu kiwango cha juu zaidi kwa sababu ya uhaba wa vyanzo mbadala, kabla ya kukishusha hadi hicho cha kimataifa.

Madhara ya floraidi hayaonekani kwa wiki wala mwezi. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya kudumu yanajengeka, yaani tangu uchanga hadi takriban miaka minane, huota meno yenye madoa ya kahawia ambayo hayatoki kwa mswaki. Kiwango kikiwa kikubwa na kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika, na wapo wanaopata matege na maumivu ya viungo.

Kwa hiyo mwenye maji ya bwawa anapambana na tope na vijidudu, wakati mwenye maji ya kisima huenda akawa anapambana na kitu asichoweza kukiona, kukinusa wala kukionja.

Kupima kabla ya kununua

Njia ya uhakika ni kupima. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji katika mikoa mbalimbali, zikiwamo za Mwanza na Shinyanga. Mkazi wa mjini anaweza kuanzia MAUWASA. Wa kijijini anaweza kuanzia ofisi ya wilaya ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, uliotokana na Sheria ya mwaka 2019, au kwa jumuiya ya watumia maji ya kijiji chake.

Vipimo vya kuomba ni floraidi, chumvi, kiwango cha tope, naitreti na vijidudu vya kinyesi. Naitreti nyingi katika kisima mara nyingi huashiria kwamba choo au zizi liko karibu mno.

Kila chujio na kazi yake

Chujio la chini ya sinki huwa na kopo moja hadi matano, na kila kopo lina kichujio cha kazi yake.

Kichujio cha nyuzi, ambacho huwa cheupe, huzuia mchanga na tope. Vingi vina matundu ya maikroni 5, wakati unywele wa binadamu una unene wa takriban maikroni 70. Bakteria wengi wana upana usiofikia maikroni moja, hivyo hupita humo bila kizuizi.

Kichujio cha mkaa maalumu huondoa harufu, ladha ya klorini na baadhi ya kemikali. Hakiondoi chumvi wala floraidi, na peke yake hakiui vijidudu.

Kichujio cha kauri, ambacho wengi hukiita mshumaa, kina matundu madogo ya chini ya maikroni moja. Huzuia bakteria wengi pamoja na amiba, lakini virusi huweza kupita.

Taa ya mionzi huua vijidudu, ila huhitaji umeme wa uhakika na maji maangavu, kwa kuwa kila chembe ya tope huwa kivuli cha kujifichia kijidudu.

Utando wa kusukuma maji kwa nguvu, unaojulikana kwa herufi RO, ndio pekee kati ya hivi unaoondoa chumvi na sehemu kubwa ya floraidi.

Mnunuzi aangalie pia maandishi ya boksi. Kwa bidhaa zilizothibitishwa na taasisi ya Marekani ya NSF, namba 42 inahusu ladha na klorini, namba 53 inahusu vitu vyenye madhara kwa afya, na namba 58 inahusu mitambo ya RO. Boksi lenye namba 42 pekee halijamwahidi mnunuzi usalama wa afya.

Kikwazo cha tangi

Wanaovutiwa na RO wanapaswa kufahamu mambo mawili kabla ya kulipa.

La kwanza ni msukumo. Mtambo wa kawaida wa RO wa nyumbani huhitaji msukumo unaokaribia ule wa maji yaliyoinuliwa mita 30. Nyumba nyingi hupata maji kutoka simtanki lililo juu ya mnara wa mita tatu hadi tano. Msukumo huo hautoshi, hivyo mtambo utadondosha matone tu au kutotoa kitu, isipokuwa uwe na pampu yake ya umeme.

La pili ni upotevu. Kwa kila lita moja ya maji safi, mitambo mingi ya aina hiyo humwaga lita tatu au zaidi. Palipo na mgao wa maji huo ni mzigo, ingawa maji yanayomwagwa yanaweza kukingwa kwa ajili ya kufulia, kuoshea sakafu au kuvuta choo.

Jinsi ya kufunga

Kazi ya kufunga chujio la kawaida haizidi nusu siku kwa fundi bomba mwenye spana, msumeno wa bomba na utepe mweupe wa kuzuia kuvuja.

Kwanza, fundi afunge valvu ya maji na kufungua koki ya sinki ili msukumo uishe. Chujio liunganishwe kwenye bomba la maji baridi tu, kwa sababu maji ya moto huharibu vichujio.

Pili, bomba likatwe na kuwekwa kiungo cha njia tatu. Kila upande wa chujio uwekewe valvu, na kabla yake iwekwe koki ndogo ya kumwagia. Maji yanaporudi baada ya kukatika kwa siku kadhaa husomba kutu na tope la bombani. Koki hiyo huwezesha maji hayo ya kwanza kumwagwa kabla hayajaziba kichujio kipya kwa siku moja.

Tatu, kibanio kifungwe ukutani na kuachwa nafasi isiyopungua sentimita tano chini ya makopo, ili yaweze kufunguliwa wakati wa kubadilisha vichujio. Mshale ulioandikwa kwenye kichwa cha chujio uelekee maji yanakokwenda.

Nne, utepe uzungushwe kwenye nyuzi za viungo mara tatu hadi tano kwa kufuata upande wa kukazia. Mpira wa mviringo wa kila kopo usafishwe na kupakwa grisi ya silikoni. Mafuta ya kujipaka yanaweza kuulainisha na kuuharibu.

Tano, valvu ifunguliwe taratibu. Kichujio cha mkaa kikiwa kipya hutoa unga mweusi, hivyo maji ya mwanzo yamwagwe hadi yatoke meupe. Viungo vikaguliwe tena baada ya saa 24, kwa sababu uvujaji mdogo chini ya sinki huozesha kabati kabla haujagunduliwa.

Kwa maji ya bwawa, hata chujio lililofungwa vizuri litaziba mapema ikiwa tope halijapunguzwa kwanza. Maji yakatuliwe katika pipa kwa shabu, njia ambayo familia nyingi zinaifahamu, kisha yale maangavu ya juu ndiyo yapelekwe kwenye tangi. Mbegu za mlonge zilizotwangwa nazo hutuliza tope, ila maji hayo yasikae muda mrefu kwani mabaki ya mbegu huyaozesha.

Matunzo

Chujio lililosahauliwa linaweza kuwa hatari kuliko kutokuwa na chujio. Mkaa uliojaa uchafu, katika giza na joto la chini ya sinki, huwa makazi ya bakteria, na familia huendelea kunywa bila shaka yoyote kwa sababu maji yanaonekana maangavu.

Kwa kawaida kichujio cha nyuzi hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita, cha mkaa miezi sita hadi 12, utando wa RO miaka miwili hadi mitatu, na taa ya mionzi kila mwaka. Hata hivyo, katika maji yenye tope jingi kichujio cha nyuzi huweza kumalizika kwa wiki chache. Dalili yake ni maji kutoka polepole wakati tangi limejaa.

Mshumaa wa kauri husuguliwa kwa brashi laini chini ya maji safi, bila sabuni. Ukipata ufa, hata mwembamba kama unywele, utupwe, kwani vijidudu hupita hapo. Tarehe ya kufunga iandikwe kwa kalamu ya wino mzito juu ya kopo. Familia ikisafiri wiki mbili au zaidi, maji ya mwanzo yamwagwe dakika kadhaa kabla ya kutumiwa.

Ikumbukwe pia kwamba mkaa huondoa klorini iliyowekwa kiwandani. Maji yaliyochujwa hayana tena kinga, hivyo yawekwe katika chombo safi chenye mfuniko na koki, si ndoo ya kuchotea kwa kikombe. Yenye shaka ya vijidudu yachemshwe au yatiwe klorini baada ya kuchujwa.

Floraidi haichemki

Kosa moja lina madhara makubwa kwa watumiaji wa visima. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi hubaki ile ile katika maji machache zaidi.

Kituo cha utafiti cha Ngurdoto mkoani Arusha, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimetumia kwa miaka mingi mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuinasa floraidi. Mkoani humo humo, Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alibuni chujio la mchanga lililoongezewa chembe ndogo sana, ambalo hurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya eneo husika. Mwaka 2015 ubunifu huo ulipata tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza.

Kwa familia isiyo na uwezo wa mitambo, bati la nyumba linaweza kuwa jibu. Maji ya mvua kwa kawaida hayana floraidi ya kutisha. Paa la mita 50 za mraba, katika mwaka wenye mvua ya milimita 700, huweza kukinga lita 28,000 hata baada ya kutoa tano moja inayopotea. Familia ya watu sita wanaotumia lita tatu kila mmoja kwa kunywa na kupikia huhitaji lita 18 kwa siku. Kwa siku 150 za kiangazi hiyo ni lita 2,700, kiasi kinachoenea katika tangi la lita 3,000. Mvua ya kwanza iachwe ioshe bati, na maji ya tangini yatibiwe dhidi ya vijidudu.

Upo pia mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria mkoani Simiyu, ulioidhinishiwa fedha na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017. Hata maji hayo yatapita katika mabomba na matangi ya nyumbani, na yatahitaji chombo safi cha kuhifadhia.

Nyumba isiyo na sinki haijaachwa nyuma. Ndoo mbili zenye mshumaa wa kauri, zikisafishwa kila wiki, hulinda familia inayotumia maji ya bwawa vizuri kuliko mtambo wa gharama ambao vichujio vyake havijawahi kubadilishwa. Kwa maji ya kisima, mama mwenye mtoto mchanga apate kwanza karatasi ya majibu ya maabara, kwa kuwa meno ya mtoto yakishaota na madoa hakuna chujio litakaloyarudisha.