Mahubiri Katikati ya Wimbo: Mateso ya Mathayo katika Kanisa la Mtakatifu Tomaso, Leipzig

Utangulizi

Katika mji wa Leipzig, Ujerumani, kwaya ya wavulana wa Mtakatifu Tomaso huimba kanisani mwao kila Ijumaa jioni na Jumamosi alasiri, isipokuwa siku za likizo au inapokuwa safarini. Tulipopata nafasi ya kuhudhuria, tulikuta foleni mlangoni, na kila aingiaye akilipa fedha kidogo apate karatasi ya utaratibu. Wengi walionekana kuwa wageni waliokuja kwa ajili ya muziki. Hata hivyo Neno lilisomwa na kuelezwa kwa ufupi, watu wote waliimba wimbo mmoja pamoja, tukasali Sala ya Bwana, kisha tukapokea baraka. Tulitoka tukiulizana: je, tulikuwa katika tamasha, au tulikuwa katika ibada?

Swali hilo lina umri mrefu katika kanisa lile. Katika makala hii tunakusudia kulifuata kwa njia ya historia ya kazi moja ya Johann Sebastian Bach, yaani Mateso ya Bwana kama yalivyoandikwa na Mathayo, kisha tujitazame sisi wenyewe.

Kanisa na kwaya yake

Kwaya ile huhesabu mwanzo wake tangu mwaka 1212, ilipoanzishwa nyumba ya watawa wa Mtakatifu Augustino mahali pale. Jengo tunaloliona leo liliwekwa wakfu mwaka 1496. Siku ya Pentekoste mwaka 1539 Martin Luther alihubiri humo, na mji wa Leipzig ukayapokea Matengenezo ya Kanisa. Nyumba ya watawa ilifungwa, lakini wavulana hawakutawanywa. Shule yao ilishikwa na baraza la mji. Jambo hili linapatana na fundisho la Luther mwenyewe, aliyeuhesabu muziki kuwa karama ya Mungu inayofuata mara baada ya theolojia.

Bach aliitwa kuwa kantori, yaani mkuu wa uimbaji, mwaka 1723, akaitumikia kazi hiyo hadi kufa kwake mwaka 1750. Kabla ya kupokelewa ilimpasa kutia sahihi ahadi kadhaa mbele ya baraza. Mojawapo ilikuwa kwamba muziki wake kanisani usiwe mrefu kupita kiasi, wala usifanane na michezo ya kuimbwa ya kumbi za starehe, bali uwaamshe wasikilizaji wapate kumcha Mungu. Ni dhahiri basi kwamba wazee wa Leipzig walikwisha kuiona hatari tunayoizungumzia.

Ijumaa Kuu ya mwaka 1727

Mateso ya Mathayo yaliimbwa kwa mara ya kwanza, kama wataalamu wengi wanavyokubali, siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 11 Aprili 1727, katika ibada ya alasiri. Utaratibu wa ibada hiyo unatufundisha mengi. Kusanyiko lilianza kwa wimbo. Ikafuata sehemu ya kwanza ya Mateso, inayokoma pale Yesu anapokamatwa na wanafunzi kukimbia. Hapo mchungaji alipanda mimbarini akahubiri. Baada ya mahubiri ikaja sehemu ya pili, kuanzia baraza la Kayafa hadi kaburini. Kisha moteti ya maziko ya Bwana, sala, na wimbo wa shukrani.

Tuone basi kwamba kazi hii kubwa, ambayo leo huchukua karibu saa tatu, ilitungwa ili ibebe mahubiri katikati yake. Ndani yake mna maneno ya Injili bila kupunguzwa, mna maombi ya nafsi moja moja, na mna tuni za nyimbo ambazo washarika walizijua tangu utoto. Tuni ya wimbo wa Paul Gerhardt juu ya kichwa cha Bwana kilichojaa damu na majeraha inarudi mara tano. Aliyeketi katika viti vya nyuma, asiyejua lolote juu ya ufundi wa muziki, aliusikia wimbo wake mwenyewe ukimjibu Mwinjilisti.

Kabatini, kisha ukumbini

Bach alipofariki, Mateso haya yalisahauliwa na watu wengi. Lakini moteti zake hazikusahauliwa. Mozart alipopita Leipzig mwaka 1789 aliwasikia wavulana wa Mtakatifu Tomaso wakiimba mojawapo, akastaajabu. Kwa nini moja lidumu na jingine lipotee? Twadhani sababu kubwa ni hii: moteti ziliendelea kuwa na kazi katika uimbaji wa kwaya, bali Mateso, yaliyohitaji kwaya mbili na ibada ndefu ya namna ya pekee, yalikosa mahali namna ile ya ibada ilipoachwa. Kanisa huhifadhi kile linachokitumia.

Aliyeyatoa kabatini alikuwa kijana wa miaka 20, Felix Mendelssohn, Mkristo aliyezaliwa katika ukoo wa Kiyahudi. Tarehe 11 Machi 1829 aliyaongoza mjini Berlin, katika ukumbi wa chama cha waimbaji. Watu walijaa, na wengine wakakosa nafasi. Nyimbo nyingi za mtu mmoja mmoja ziliondolewa ili kufupisha. Na mahubiri, bila shaka, hayakuwapo. Mwaka 1841, Jumapili ya Matawi, Mendelssohn aliyarudisha katika kanisa la Mtakatifu Tomaso. Lakini yalirudi kama tamasha, kwa kusudi la kukusanya fedha za kumjengea Bach ukumbusho, uliozinduliwa mwaka 1843. Wimbo ulirejea nyumbani kwake, na mahali pa mahubiri pakabaki wazi.

Hata hivyo tusiwe wepesi kuhukumu. Kama si ukumbi ule wa Berlin, huenda tusingekuwa na wimbo huu kabisa. Tena, katika miaka ya utawala wa kikomunisti wa Ujerumani Mashariki, kati ya 1949 na 1990, serikali ilifundisha kwamba hakuna Mungu. Mwaka 1968 ililipua kwa baruti kanisa la chuo kikuu katika mji huo huo wa Leipzig. Lakini wavulana wa Mtakatifu Tomaso, waliokuwa chini ya mji, waliendelea kuimba moteti kanisani. Mtu ambaye asingethubutu kuonekana kwenye ibada ya Jumapili aliweza kuja kumsikiliza Bach, na kwa kinywa cha mtoto akayasikia maneno ya Zaburi. Tamasha limewahi kuwa mlango wa nyuma ambao kwao Injili iliingia.

Sisi warithi

Historia hii si ya Wajerumani peke yao. Ni kutoka Leipzig kwamba wamisionari walikuja Kilimanjaro mwaka 1893 na kuanza kazi Machame. Walileta Katekisimu na tuni za nyimbo hizi pia. Na bendi za tarumbeta za sharika zetu zinazipiga hata leo. Nasi tumeongeza nyimbo zetu wenyewe, ngoma zetu na kwaya zetu, ambazo ni utajiri usio na kifani.

Lakini ni nani asiyeona jinsi ibada zetu zinavyojaa kwaya tatu au nne, huku washarika wakiwa wamekaa kama watazamaji? Tena tunafanya matamasha na mashindano ya kwaya, tunatoa kanda na video, na mara nyingi mchungaji hupewa nafasi ya kufungua kwa sala na kugawa zawadi tu. Tusiwalaumu waimbaji. Wao wamefanya kazi yao. Sisi wachungaji ndio tulioshuka mimbarini mapema.

Hitimisho

Twaona basi kwamba wimbo ule ule ulikuwa ibada mwaka 1727 na tamasha mwaka 1829. Ulifupishwa, lakini haukugeuka kuwa wimbo mwingine. Kilichobadilika ni yale yaliyouzunguka: Neno kuhubiriwa, kusanyiko kuimba, sala na baraka. Kwa hiyo mchungaji anayeombwa kutoa kanisa lake kwa ajili ya tamasha asilikatae kwa hofu, wala asikabidhi funguo na kwenda zake. Na aketi na mwalimu wa kwaya mapema, wachague pamoja somo, wimbo wa watu wote, na mahali ambapo kwaya itanyamaza ili Neno lisemwe. Mahali hapo Bach alipaacha tayari, kati ya sehemu ya kwanza na ya pili. Ni wajibu wetu kupajaza.