Kivuli cha Vichochoro

Mtu atokaye Darajani saa tisa za mchana, akaingia katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, hupata nafuu kabla hajaenda mbali. Hapana mtambo uliomletea nafuu hiyo. Imetokana na jinsi nyumba zilivyosogeleana.

Unguja iko nyuzi 6 hivi kusini ya Ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Machi na wa Oktoba, na katika majira ya kaskazi hari huwa nzito. Wajenzi wa karne ya 18 na ya 19 walikuwa na mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Boriti haikuweza kuvuka zaidi ya mita 3 hivi, kwa hiyo vyumba vilikuwa vyembamba, na kuta zilizobeba dari zilikuwa nene, kiasi cha nusu mita. Ukuta wa namna hiyo hupokea joto polepole. Na nyumba ndefu mbili zikielekeana kwa karibu, jua huigusa njia karibu na adhuhuri tu.

Kisha yakawekwa mabaraza ya mawe nje ya nyumba. Katika njia iendayo kaskazini na kusini, asubuhi kivuli huwa upande wa mashariki, na alasiri upande wa magharibi. Wenyeji walihama nacho pamoja na kahawa yao na bao lao. Mwenye nyumba alijenga kwa haja zake, lakini kivuli cha ukuta wake kilimfaa hata mchukuzi asiyemjua. Huko Lamu walizidi: walijenga wikio, yaani chumba cha ghorofani kinachovuka njia, na wapitao chini wakasitirika.

Tusiusifu mji huu kupita kiasi. Ukuta uliopokea joto mchana hulitoa usiku, na vichochoro huchelewa kupoa. Tena, watumwa walifanyishwa kazi katika ujenzi wa majumba hayo. Wanyonge wengi walikaa Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari uliofukiwa katika karne ya 20, katika nyumba za udongo na makuti. Makuti nayo (wengi husahau) humkinga mtu na joto kuliko bati lililoyarithi.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 yalijengwa majumba ya Michenzani. Yaliwapa watu makao bora, lakini yalipangwa kandokando ya barabara pana, na kivuli cha upande mmoja hakifiki upande wa pili.

Leo, mijini mwetu, ghorofa nyingi hupozwa kwa viyoyozi. Kiyoyozi hakiliui joto. Hulitoa chumbani na kulitupa nje. Aliye ndani hupata baridi, na anayengoja daladala chini ya ukuta huo hupulizwa na joto lililofukuzwa chumbani.