Gawio la Kalenga: Historia Fupi ya Fedha Zinazonunua Silaha Mpya

Anayefika Ipogolo kwa basi akitokea Morogoro huwa amekwisha kupita Lugalo, mara nyingi bila kujua. Si mbali na barabara kuu upo mnara wa kumbukumbu ya Wajerumani waliouawa hapo tarehe 17 Agosti 1891. Kiongozi wao, Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, alikuwa na bunduki za Maxim na mizinga, silaha za kisasa kabisa za zama zile. Siku hiyo silaha nzito zilikuwa bado mizigo safarini. Kabla hazijapangwa, mashujaa wa Mtwa Mkwawa walikuwa wamekwisha kutoka vichakani, na Zelewski mwenyewe alikuwa maiti.

Habari hii tumeisimulia mara nyingi kama habari ya ushujaa, na ni haki yake. Lakini kuna swali ambalo hatuliulizi: silaha zile zilinunuliwa kwa fedha za nani, na nani alitarajia faida?

Mwaka 1884 Hiram Maxim, Mmarekani aliyekuwa akiishi London, alianzisha kampuni ya kutengeneza bunduki yake ya rasharasha, akisaidiwa na mtaji wa familia ya Vickers, wenye viwanda vya chuma wa Sheffield. Mwaka 1888 kampuni hiyo iliungana na ile ya Nordenfelt kwa msaada wa benki ya Rothschild, na hisa zake zikauzwa kwa umma. Mtu aliyekaa sebuleni kwake Uingereza aliweza kumiliki kipande cha bunduki ambayo hatawahi kuisikia ikilia.

Upande wa Ujerumani kulikuwa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyotokana na mikataba ya ulaghai ya Karl Peters. Miongoni mwa waliotia fedha humo alikuwa Kaisari Wilhelm I, aliyetoa marka 500,000 mwaka 1887. Mwaka uliofuata watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani, waliinuka dhidi ya kampuni hiyo, nayo ikashindwa kujilinda. Januari 1889 bunge la Ujerumani liliidhinisha marka milioni 2 za kuwazima wapiganaji hao, na fedha za walipa kodi zikaokoa fedha za wenye hisa. Serikali ilipoitwaa koloni rasmi mwaka 1891, ilikubali kuilipa kampuni marka 600,000 kila mwaka, na fedha hizo zilitokana na ushuru wa forodha wa pwani ileile. Kwa maneno mengine, waliotiishwa kwa bunduki walilipishwa gharama ya kutiishwa kwao.

Miaka mitatu baadaye zamu ya Kalenga ilifika. Tarehe 30 Oktoba 1894 jeshi la gavana Friedrich von Schele lilivunja ngome ambayo Mkwawa aliijenga kwa miaka kadhaa. Safari hii mizinga ilikuwa imepangwa. Mkwawa alipigana vita vya msituni hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojiua kwa risasi badala ya kukamatwa.

Kwa nini nayasimulia haya leo? Kwa sababu soko lile limefunguliwa upya, na sasa bidhaa ni silaha yenye akili unde, au akili mnemba kama wengine wanavyoiita. Mwaka 2021 ilianzishwa mjini Munich kampuni ya Helsing, inayounda programu za kijeshi za akili unde na siku hizi droni za mashambulizi. Mfuko wa Daniel Ek, mmoja wa waasisi wa Spotify, uliwekeza humo yuro milioni 100 mwaka uleule, na Juni 2025 uliongoza awamu nyingine ya yuro milioni 600. Baadhi ya wanamuziki waliondoa nyimbo zao Spotify kwa kupinga. Palantir, inayoliuzia jeshi la Marekani programu za kuchambua taarifa, iliingia katika soko la hisa la New York mwaka 2020. Wafanyakazi wa Google walipoandika barua ya kupinga kazi ya kijeshi mwaka 2018, kampuni iliahidi kutotengeneza akili unde kwa ajili ya silaha. Februari 2025 ahadi hiyo iliondolewa katika kanuni zake.

Sisemi kwamba kila silaha ni dhambi. Mkwawa mwenyewe alikusanya bunduki na kujenga ngome. Tanzania ina jeshi lake na Shirika la Mzinga kule Morogoro. Taifa lisiloweza kujilinda hulindwa na wengine kwa masharti yao. Hoja yangu ni uwajibikaji. Bunduki ya Maxim, pamoja na ukatili wake, ilihitaji mtu wa kuelekeza mtutu, na mtu huyo alikuwa na jina. Programu inapochambua picha na kuchagua shabaha, mwandishi wa programu atamsingizia kamanda, kamanda ataisingizia mashine, na mwenye hisa atasema yeye alinunua hisa tu. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu walitoa wito mwaka 2023 kwamba mkataba wa kudhibiti silaha zinazojiendesha ukamilike ifikapo 2026. Fedha zimekwenda mbio kuliko mkataba.

Wanafunzi wangu huniuliza kama wanunue hisa za kampuni hizi kupitia simu zao, maana zimepanda sana. Watumishi wa umma nao wana michango katika mifuko ya hifadhi ya jamii. Kwa wote jibu langu ni moja: kabla ya kuuliza gawio ni kiasi gani, uliza silaha hii ikiua asiyestahili, nani atasimama kizimbani? Kama hakuna jina, jua kwamba sehemu ya faida yako ni bei ya jina hilo kukosekana.

Mkataba wa Versailles wa 1919 ulitaja fuvu la Mkwawa katika kifungu cha 246, nalo likarudishwa Kalenga mwaka 1954. Mali za Wajerumani zilitwaliwa baada ya vita, lakini kama ngawira ya washindi, si kama fidia kwa Wahehe. Fuvu lipo katika jumba la makumbusho, saa chache kwa mguu kutoka Ipogolo. Gawio lililolipwa kwa ushuru wa pwani halikurudi.