Multimita kwa Anayeanza: Tundu la 10A Ndilo la Kuchunga

Kile kifaa kidogo cha njano chenye kioo cha namba na kitufe kikubwa cha kuzungusha kinauzwa karibu kila mahali, kuanzia maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo hadi meza za kando ya barabara. Mafundi wengi wanakiita tesita tu. Jina lake ni multimita ya dijitali, na inapima volti, ampea na omu, yaani msukumo wa umeme, mkondo wake na ukinzani wa waya au kifaa.

Kwa anayejifunza, hatari kubwa haipo kwenye kitufe. Ipo kwenye matundu matatu ya kuchomekea nyaya.

Waya mweusi unakaa kwenye tundu la COM siku zote. Mwekundu ndio unaohama. Ukiwa kwenye VΩmA unapima volti, omu na mkondo mdogo. Ukiwa kwenye 10A unapima mkondo mkubwa. Ili mkondo upimwe, umeme lazima upite ndani ya multimita yenyewe, kwa hiyo nyuma ya tundu la 10A kuna kipande kinene cha waya na karibu hakuna kizuizi.

Sasa chukulia fundi mwanafunzi aliyepima mkondo wa taa ya sola asubuhi, akasahau waya mwekundu kwenye 10A. Jioni jirani anamwomba aangalie soketi ya ukutani. Anazungusha kitufe hadi volti 750 za AC, anaingiza ncha mbili kwenye soketi. Kitufe kinasema volti, tundu linasema ampea, na umeme unafuata tundu.

Hapo ni sawa na kuunganisha waya wa moto na nyutro kwa kipande cha waya. Ni shoti ya volti 230, mkononi kabisa. Breka ikiwahi kukata, anabaki na mshtuko wa cheche na ncha zilizoyeyuka. Isipowahi, kifaa kinaweza kupasuka na kumuunguza mikono na uso.

Kwenye multimita nyingi za bei chee, pembeni ya tundu hilo pameandikwa UNFUSED. Maana yake halina fyuzi. Neno hilo ndilo la kusomwa kwanza dukani, kabla hata ya kuuliza bei.

Anayetaka kupima umeme wa nyumba atafute yenye fyuzi kwenye matundu yote ya ampea, na ikiwezekana fyuzi za kauri, siyo zile ndogo za kioo. Ya kioo ikikutana na shoti kubwa inaweza kupasuka bila kuzima umeme unaoruka ndani yake. Ya kauri iliyojazwa mchanga imetengenezwa kuuzima.

Kitu kingine ni alama ya CAT, kwa mfano CAT III 600V. CAT II ni ya soketi na vifaa vinavyochomekwa. CAT III ni ya meni swichi na nyaya za ndani ya jengo. CAT IV ni ya pale umeme unapoingia, kwenye mita ya Luku na nyaya zinazotoka nguzoni. Kadiri kazi inavyosogea karibu na nguzo, ndivyo shoti inavyokuja na nguvu kubwa zaidi.

Ila kuchapisha herufi kwenye plastiki ni rahisi. Kifaa chepesi chenye nyaya nyembamba kama za spika za masikioni, halafu kimeandikwa CAT III 1000V, kinatia shaka.

Hiyo ya njano haina maana ni takataka. Kwa betri ndogo, redio na taa za sola inatosha sana. Betri nzima ya gari iliyopumzika inasoma karibu volti 12.6, na injini ikiwaka inapaswa kusoma kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Isipopanda, mfumo wa kuchaji una shida. Hata hapo waya mwekundu uwe VΩmA, maana betri ya gari inaweza kutoa mamia ya ampea kwenye shoti.

Kwa multimita isiyochagua kipimo yenyewe, kuanza na namba kubwa ndiyo salama, kisha kushuka. Kioo kikionyesha "1" peke yake upande wa kushoto, au OL, kipimo kilichochaguliwa ni kidogo.

Omu na ule mlio wa kutafuta waya uliokatika ni kwa kitu kilichozimwa na kuchomolewa. Kwenye oveni ya maikrowevu hata kuchomoa hakutoshi, kwa sababu kapasita yake inaweza kubaki na maelfu ya volti. Anayeanza aachane nayo.

Kosa lingine la kawaida ni kuamini sifuri. Mtu anapima waya, kioo kinasoma 0, anaushika kwa mkono. Kumbe waya wa multimita umekatikia ndani au betri imekufa. Mafundi wazoefu wanapima mara tatu: kwanza soketi inayojulikana ina umeme, kisha waya unaotiliwa shaka, halafu wanarudi kwenye ile soketi. Namba ya mwisho ikirudi kama ya kwanza, ndipo sifuri ya katikati inaaminika.

Vidole vikae nyuma ya ukingo wa plastiki ulio kwenye kishikio, viatu vikavu, na waya mweusi uguse kwanza kabla ya mwekundu. Nyaya zilizochubuka hazifungwi kwa utepe, zinabadilishwa.

Betri ya ndani, mara nyingi ya volti 9, ibadilishwe mara alama ya betri inapotokea kiooni, kwa sababu kuanzia hapo namba zinaanza kudanganya. Na nyaya mbili zichomolewe kwanza kabla ya kufungua mfuniko.