Kisanduku cha pakini (mashua)

Kisanduku cha pakini ni kifaa kinachozuia maji ya bahari au ziwa yasiingie chomboni kupitia tundu la shafti ya rafadha. Kimo katika mashua za matanga zenye injini ya ndani, majahazi yaliyofungwa injini, boti za uvuvi na meli. Shafti huanzia kwenye giaboksi, hupita katika bomba lililopenya mwili wa chombo upande wa tezi, kisha hutokeza nje ikiwa imebeba rafadha (pangaboi). Kwa sababu shafti huzunguka, nafasi inayobaki kati yake na bomba haiwezi kuzibwa kwa gundi wala kwa gasketi ya kawaida. Huzibwa kwa pakini, yaani kamba laini ya kusukwa iliyolowa mafuta au nta, inayobanwa kuizunguka shafti.

Kisanduku hiki kimeundwa kivuje kidogo. Anayelisahau jambo hilo huangukia kosa moja kati ya mawili. La kwanza ni kukaza mpaka tone la mwisho likauke, na matokeo yake ni shafti kuungua na kuchimbika. La pili ni kuacha matone yaongezeke hadi betri ya pampu iishe, na chombo kizame kikiwa kimefungwa gatini bila mtu ndani.

## Historia

Kushindilia nyuzi zenye mafuta kuzunguka fimbo inayosogea ni ufundi wa zamani kuliko rafadha. Katika karne ya 18 James Watt aliutumia kwenye mashine za mvuke, ambako fimbo ya pistoni ilipita kwenye kifuniko cha silinda bila kuachia mvuke. Rafadha ilipoanza kuchukua nafasi ya magurudumu ya pembeni katika meli kubwa, kuanzia miaka ya 1840, kifaa hicho kilihamia kwenye shafti yake. Kilichowasumbua wahandisi zaidi wakati huo ni beringi ya nje, ambayo ililika upesi mno. Mwaka 1854 Mwingereza John Penn alipata hataza ya kuipamba beringi hiyo kwa vipande vya mti mgumu wa lignum vitae, ukilainishwa na maji yenyewe. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na mpira wenye mifereji ndani yake. Beringi hii bado ina uhusiano na pakini: ikilika, shafti hutikisika, na pakini itavuja hata ikikazwa vipi.

Mafundi wa majahazi katika pwani ya Afrika Mashariki wanaijua kazi ya jamaa na hii, nayo ni kukalafati, ambapo pamba yenye mafuta hushindiliwa katika nyufa za mbao. Tofauti ni kwamba mbao hazizunguki. Pakini iko pia nyumbani: koki ya maji ya kuzungusha ina pakini ndogo chini ya nati ya shina lake, ndiyo maana shina likivuja nati hiyo hukazwa kidogo.

## Muundo

Katika mashua nyingi ndogo kisanduku ni nati kubwa ya shaba ambayo ndani yake mna pete tatu au nne za pakini. Nati hiyo hujifunga kwenye kipande cha shaba chenye hesi, nacho kimeunganishwa na bomba la shafti kwa mpira mnene wenye nyuzi za kuimarisha. Nati ya pili, nyembamba, hukazwa dhidi ya ile kubwa ili isijifungue kwa mtikisiko. Katika vyombo vingine, hasa vikubwa, pakini hubanwa na sahani yenye boliti mbili au zaidi. Boliti hizo hukazwa kwa zamu na kwa kiasi sawa, kwani sahani ikilala upande hugusa shafti na kuikwaruza.

Pakini ya asili ni kitani kilicholoweshwa shahamu au nta. Za kisasa hutumia nyuzi za viwandani zilizotiwa Teflon, nazo hazina msuguano mkubwa. Zipo pia zenye grafiti, ambazo hazishauriwi kwa maji ya chumvi: grafiti ikigusana na metali ndani ya maji hayo huwa kama betri, na metali ndiyo inayoliwa.

## Kwa nini kidondoshe

Shafti inapozunguka husuguana na pakini na kuzalisha joto. Maji yanayopenya hupoza na kulainisha. Yakikosekana, nta au mafuta ya pakini huyeyuka na kutoka, nyuzi hukauka zikawa ngumu, na shafti huanza kuchongwa mfereji. Shafti iliyochongwa hivyo haitibiki kwa pakini mpya, maana pete huwa laini kwa muda tu kisha maji hurudi palepale.

Kipimo kinachokubaliwa na mafundi wengi ni matone mawili au matatu kwa dakika shafti inapozunguka, na pasiwe na tone, au liwe la nadra sana, inaposimama. Baadhi ya pakini za kisasa hufanya kazi kwa matone machache zaidi. Hesabu ndogo huonyesha uzito wa jambo hili. Mililita moja ni takriban matone 20. Matone matatu kwa dakika ni 180 kwa saa, yaani mililita 9, ambazo hata kitambaa hukausha. Tone moja kila sekunde ni matone 3,600 kwa saa, yaani mililita 180, na kwa siku nzima ni zaidi ya lita 4. Chombo kilichoachwa mwezi mmodi katika hali hiyo kitakuwa kimepokea karibu lita 130 kwenye ngama. Pampu inaweza kuzitoa, lakini kwa sharti kwamba betri ina chaji na swichi ya kuelea haijanasa takataka.

Mashua ya matanga ina jambo la pekee. Injini ikizimwa na tanga likapandishwa, maji yanayopita huweza kuizungusha rafadha, na shafti huendelea kuzunguka kwa saa nyingi bila mtu kukumbuka. Pakini huhitaji maji wakati huo pia. Kama shafti iachwe izunguke au izuiwe kwa gia ni suala la giaboksi, na jibu lake limo katika kitabu cha mtengenezaji, kwa kuwa baadhi ya giaboksi hazipati mafuta injini ikiwa imezimwa.

## Kurekebisha

Kabla ya kugusa chochote injini huzimwa na ufunguo hutolewa. Spana mbili huhitajika, moja kwa kila nati. Nati nyembamba hulegezwa kwanza. Nati kubwa ndiyo hukazwa, kidogo sana: kiasi ambacho mshale wa dakika husogea kwa dakika 5, yaani sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko. Kisha nati nyembamba hurudishwa na kukazwa, huku ile kubwa ikishikiliwa isifuate.

Baada ya hapo mashua hufungwa imara gatini, injini huwashwa na kutiwa gia kwa robo saa au zaidi, na matone huhesabiwa kwa macho, bila kusogeza nguo wala mkono karibu na shafti. Injini ikishazimwa, nati hushikwa kwa mkono. Ikiwa baridi au vuguvugu, kazi imekwenda vizuri. Ikiwa mkono hauwezi kutulia juu yake, imekazwa kupita kiasi na lazima ilegezwe mara moja. Wenye haraka huiacha wakidhani itajizoesha yenyewe, na hapo ndipo shafti nyingi huharibika. Pakini mpya kweli hubadilika katika saa za mwanzo, lakini njia ya kuizoesha ni kuianzisha ikiwa legevu, idondoshe zaidi ya kawaida, na kuikaza hatua kwa hatua.

## Kubadilisha pakini

Nati ikikaribia mwisho wa hesi na matone hayapungui, pakini imekwisha. Ni salama zaidi kuibadilisha mashua ikiwa nchi kavu. Ndani ya maji inawezekana, kwa sharti kwamba pete mpya zimeshakatwa, pampu inafanya kazi na tundu la nje limezibwa kwa muda na mpiga mbizi.

Unene wa pakini hupatikana kwa kutoa kipenyo cha shafti katika kipenyo cha ndani cha nati, kisha kugawanya kwa mbili. Shafti ya milimita 25 katika nati ya milimita 37 huhitaji pakini ya milimita 6. Pete zote za zamani hutolewa kwa kulabu nyembamba na kuhesabiwa. Pete iliyosahaulika chini kabisa, ikiwa ngumu kama mti, huharibu kazi yote. Pakini mpya huzungushwa kwenye shafti na kukatwa kimshazari, pete moja moja. Haifai kuviringishwa kama chemchemi kwa kipande kirefu, kwani maji yatafuata njia hiyo hadi ndani. Viungo vya pete hupishanishwa, kwa pete tatu kila kimoja theluthi ya duara kutoka kwa mwenziwe. Nati hukazwa kwa mkono tu hadi chombo kirudi majini.

## Mpira na vibano

Hatari kubwa kuliko pakini mbovu ni mpira unaoshikilia kisanduku. Ukichanika au ukichomoka, maji hayadondoki tena. Tundu la kipenyo cha sentimita 2.5 lililo nusu mita chini ya maji huingiza takriban lita 50 kwa dakika. Mpira huo hukaguliwa kila mwaka kwa kuuminya, na ukionyesha nyufa, ulaini usio wa kawaida au uvimbe wa mafuta, hubadilishwa. Kila ncha hufungwa vibano viwili vya chuma kisichoshika kutu, na skurubu zake ziwe za chuma hichohicho. Kwa bahati mbaya katika mashua nyingi sehemu hii iko chini ya sakafu ya nyuma, mahali ambapo hufikiwa kwa kulala kifudifudi na tochi mkononi, hivyo kibano cha upande wa chini ndicho huoza bila kuonekana.

## Vizuizi visivyodondosha

Mashua nyingi mpya hutumia vizuizi bila pakini. Aina moja ni mpira wenye midomo inayoikumbatia shafti, ambao hutiwa grisi maalumu kidogo kwa vipindi. Nyingine ina pete ya kaboni inayosukumwa na mpira wenye mikunjo kama ya akodioni dhidi ya sahani ya chuma inayozunguka na shafti. Zote mbili hupozwa na maji, kwa hiyo kila chombo kinaposhushwa majini mpira huminywa ili hewa itoke na maji yafike mahali pake, isipokuwa kama umewekewa bomba la kutolea hewa. Huacha ngama kavu, lakini mpira wa mikunjo ukipasuka maji huingia kwa wingi ghafla, kwa hiyo hubadilishwa kwa muda uliotajwa na mtengenezaji hata kama unaonekana mzima. Sahani ya chuma nayo hushikwa na skurubu ndogo. Mafundi waangalifu huongeza kola nyingine nyuma yake kwenye shafti ili isirudi nyuma skurubu zikilegea.