Mudimbe: Mwalimu wa Kifaransa Kutoka Mji wa Kiswahili

Ukitaja jina la V. Y. Mudimbe mbele ya watu wa falsafa ya Kiafrika, wengi watakimbilia The Invention of Africa, kitabu chake cha 1988. Si kosa. Kitabu kile kilimpatia tuzo ya Herskovits mwaka uliofuata, na kilibadili namna vyuo vikuu vinavyoizungumzia Afrika. Ila ukianzia 1988 unakuwa umeruka maisha mazima ya mtu ambaye kazi yake, ile ya kumpa mkate, ilikuwa kufundisha lugha na fasihi: Kifaransa, Kilatini, na riwaya za Waafrika walioandika kwa Kifaransa. Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kumjua. Jamaa alizaliwa katika mji ambao Kiswahili ndiyo lugha ya soko na mgodi, kisha akawa bingwa wa lugha nyingine kabisa. Hebu tuone ilikuwaje, na ina maana gani kwetu.

Alizaliwa Desemba 1941 huko Likasi, Katanga. Wakati huo mji uliitwa Jadotville, jina la Jean Jadot, mmoja wa mabwana wakubwa wa kampuni za Kibelgiji. Likasi ilikuwa mji wa shaba, na mwenye shaba alikuwa Union Minière. Wafanyakazi walitoka kila upande, kila mmoja na lugha ya kwao, na kilichowaunganisha kazini kikawa Kiswahili. Si Kiswahili cha Unguja wala cha Lamu. Ni Kiswahili cha Katanga, chenye ladha yake na sarufi yake. Lakini mtoto mwenye akili aliambiwa mapema kwamba ngazi ya kupandia ni Kifaransa. Aliyekijua vizuri, akala kwa uma na kuvaa suti, aliingizwa kwenye kundi la wale walioitwa "waliostaarabika". Kiswahili kilikuwa cha kuamrishwa, Kifaransa cha kuamrisha.

Ngazi ya Mudimbe ilikuwa Kanisa. Alisoma seminari, akala Kilatini tangu utotoni, na akiwa kijana akaingia kwa watawa Wabenedikto huko Gihindamuyaga, Rwanda. Utawa aliuacha akiwa bado kijana, katika miaka ile ya misukosuko ya uhuru. Akaenda Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, kisha Louvain, Ubelgiji, ambako mwaka 1970 alipata shahada ya udaktari. Tasnifu yake ilihusu neno moja tu: hewa. Alilifuatilia kutoka Kigiriki hadi Kilatini hadi Kifaransa, namna maana yake ilivyokuwa ikihama. Unaweza kucheka: Mwafrika miaka kumi baada ya uhuru anaandika juu ya hewa ya Wagiriki! Usicheke sana. Mtu aliyejifunza kufuatilia neno moja kwa karne nyingi ndiye aliyekuja baadaye kulifuatilia neno "Afrika" kwa njia hiyohiyo, na kuuliza nani alilijaza maana tulizorithi.

Tukumbuke pia kwamba somo analolifundisha lilikuwa changa. Senghor alitoa mkusanyo wake maarufu wa ushairi wa watu weusi wa lugha ya Kifaransa mwaka 1948, na Sartre akauandikia utangulizi. Lakini kuwa na mkusanyo ni jambo moja, kuwa na somo chuoni ni jingine. Ilibidi kusubiri hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ndipo Lilyan Kesteloot, Mbelgiji aliyekulia Kongo, alipotetea tasnifu kuhusu waandishi hao huko Brussels. Kitabu kilichotokana nayo, kilichotoka 1963, kikawa mlango ambao vizazi vya wanafunzi walipitia. Kabla ya hapo, mwanafunzi wa Kiafrika katika idara ya Kifaransa alisoma Racine na Voltaire, basi. Kwa hiyo kizazi cha Mudimbe hakikukuta mtaala uliokamilika. Kiliujenga huku kikifundisha.

Na kiliujenga wapi? Lubumbashi. Hapa lazima tuingize siasa. Juni 1969 wanajeshi wa Mobutu waliwaua wanafunzi wa Lovanium waliokuwa wakiandamana. Miaka miwili baadaye wanafunzi walipowakumbuka wenzao, wengi walilazimishwa kuvaa sare za jeshi. Mwaka huohuo wa 1971 Mobutu akaviunganisha vyuo vikuu vitatu, cha Kinshasa, cha Kisangani na cha Lubumbashi, kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Kitivo cha fasihi kikapelekwa Lubumbashi, mbali sana na makao ya serikali. Kwa mtawala lilikuwa jambo la usalama. Kwa fasihi, ajabu, likageuka neema.

Maana ghafla mji mmoja wa shaba ulijaa watu wa kalamu. Mudimbe akawa mkuu wa kitivo akiwa na miaka thelathini na kidogo. Walikuwepo Georges Ngal, ambaye mwaka 1975 alitoa Giambatista Viko, riwaya ya kejeli juu ya msomi wa Kiafrika anayetaka kuiba siri za masimulizi ya wazee ili aziuze kwa Kifaransa, na Pius Ngandu Nkashama, mhakiki na mwandishi wa riwaya. Mudimbe alianzisha pia nyumba ya uchapishaji, Éditions du Mont Noir, ili vijana wa Kongo wachapishwe bila kusubiri baraka za Paris. Ndiyo miaka ile ile ya "uhalisi" wa Mobutu, ambapo majina ya ubatizo yalipigwa marufuku. Valentin-Yves akawa Vumbi Yoka. Tazama herufi za mwanzo: V. Y. hazikubadilika. Alitii amri bila kupoteza saini yake.

Riwaya zake zinatoka hapohapo. Entre les eaux, ya 1973, ni habari ya padri Mwafrika, Pierre Landu, anayejiunga na waasi wa Kimarx msituni kwa sababu anaona Kanisa limekaa upande wa wenye nguvu. Kule msituni anagundua kwamba bado ni mtu wa pembeni. L'Écart, ya 1979, inamkaribia zaidi mwandishi mwenyewe: Ahmed Nara, mwanahistoria anayeandika tasnifu juu ya Wakuba, anataka kuisimulia historia yao nje ya mazoea ya Wazungu. Hawezi. Kila kalamu anayoshika imechongwa kwa kisu kile kile. Anavunjika akili, na tunachobaki nacho mkononi ni madaftari yake. Ukitaka kujua msomi wa Zaire alikuwa na maumivu gani miaka ya sabini, achana na hotuba za mikutano, soma madaftari ya Nara.

Sasa hapa ndipo panaponigusa mimi kama msomaji wa Kiswahili. Wakati Mudimbe akiwa chuoni, katika mji uleule alikuwepo mchoraji aitwaye Tshibumba Kanda Matulu. Hakuwa profesa. Aliuza picha zake mitaani. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian, naye mwalimu wa chuo hichohicho, picha zipatazo mia moja zinazosimulia historia ya nchi tangu kabla ya Wabelgiji hadi Mobutu, na akazieleza moja baada ya nyingine. Kwa lugha gani? Kiswahili. Tshibumba alijiita mwanahistoria, na alikuwa haombi ruhusa ya mtu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hajulikani aliko.

Kabla yake, mwaka 1965, maboi wastaafu wa Lubumbashi, wale waliopika na kufua kwa Wazungu, walikuwa wametoa historia ya mji wao iliyoandikwa kwa mashine na André Yav, nayo kwa Kiswahili cha hukohuko. Weka mambo haya mezani pamoja. Nara wa riwayani anavunjika kwa sababu haoni njia ya kuandika historia isiyokopwa. Nje ya dirisha la kitivo, boi mstaafu na mchoraji wa mitaani wanaiandika.

Je, tuseme basi kwamba Mudimbe alikosea njia? Wapo wanaosema hivyo, kwamba amezungumzia ukombozi wa fikra kwa Kifaransa kigumu, halafu kwa Kiingereza kigumu zaidi. Malalamiko hayo yana uzito, nami siyapuuzi. Lakini tumsikilize kwanza.

Kuelekea 1980, Mudimbe alitakiwa aingie kwenye Kamati Kuu ya MPR, chama pekee cha nchi. Aliondoka. Akafundisha Haverford huko Marekani, baadaye Duke na Stanford, Kifaransa na fasihi linganishi zikiwa bado kazi yake. Ndipo alipoandika kile kitabu cha 1988, na ndani yake akatupa dhana ya "maktaba ya kikoloni". Maana yake, kwa lugha ya barazani, ni hii: safari za wavumbuzi, ripoti za maofisa, sarufi za wamisionari na vitabu vya wanaanthropolojia vilirundikana hadi vikawa rafu moja kubwa. Kila anayetaka kuisema Afrika, hata Mwafrika mwenyewe, hata mpinzani wa ukoloni, anajikuta amesimama mbele ya rafu hiyo. Hata kuikataa unaikataa kwa maneno uliyoyaokota humo. Hoja hiyo alikwisha kuianza katika L'Odeur du père, ya 1982: ukitaka kujitenga na Magharibi, pima kwanza ni kiasi gani cha Magharibi kimo katika hicho unachotumia kujitenga.

Mwaka 2025 ulituchukulia wawili. Mudimbe alifariki Aprili, na Mei akamfuata Ngũgĩ wa Thiong'o. Wote wawili walifukuzwa na siasa za kwao, wote wakazeeka wakifundisha Marekani. Ngũgĩ, ambaye mwaka 1968 pale Nairobi alidai pamoja na wenzake idara ya Kiingereza ivunjwe na Afrika iwekwe katikati, baadaye alihamia Kigikuyu kwa riwaya zake. Jibu lake lilikuwa: badili lugha. Mudimbe ni kama anajibu: sawa, badili, lakini kagua mizigo kabla hujavuka, kwa sababu rafu inaweza kuhama na wewe.

Naona onyo hilo linatuhusu sisi moja kwa moja. Tunapenda kusema Kiswahili ni lugha yetu, na ni yetu kweli. Ila Kiswahili sanifu kilipangwa kuanzia 1930 na kamati ya wakoloni wa Kiingereza. Sarufi na kamusi zetu za mwanzo zina majina ya Krapf, Steere na Johnson. Huko Katanga, kama Fabian alivyoonyesha katika kitabu kizima juu ya Kiswahili na utawala wa Kibelgiji, vitabu vya kufundishia lugha viliandikwa ili bwana ajue kuamuru. Kwa hiyo Kiswahili nacho kina chumba chake ndani ya maktaba ya kikoloni. Mtu anapocheka Kiswahili cha Lubumbashi kuwa "kibovu", aulize kipimo cha ubovu huo kilitoka ofisi gani.

Lakini naenda mbele kidogo ya Mudimbe. Tshibumba na Yav wanaonyesha kwamba watu wanaweza kukaa ndani ya chumba hicho na bado wakahamisha samani. Lugha iliyofunzwa kwa ajili ya amri ikatumika kusimulia bwana alikuwa mtu wa namna gani. Msomi alihitaji maisha yote kueleza ukubwa wa rafu, na tunamshukuru, maana bila yeye tungedhani hakuna rafu. Wale wengine walituonyesha kwamba kazi inaweza kuanza hata kabla maelezo hayajakamilika. Tunahitaji zote mbili, na bahati mbaya katika mji uleule zilipishana, kwa sababu ya lugha.

Kupishana huko kunaweza kupunguzwa. Kiswahili kimewahi kuwapokea waandishi wa Kifaransa: Mariama Bâ tunaye katika Barua Ndefu Kama Hii, na Amandina Lihamba aliichukua hadithi ya Sembène Ousmane akaifanya tamthilia, Hawala ya Fedha. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mazungumzo yamekuwa ya mipaka na bidhaa. Vitabu navyo ni bidhaa. Padri Landu na mwanahistoria Nara wana kila sifa ya kusema Kiswahili, na ikiwezekana wakiseme kwa lafudhi ya Likasi.

Uzeeni Mudimbe alikitunuku Chuo Kikuu cha Lubumbashi maktaba yake binafsi, vitabu alivyokusanya katika miaka yote ya kufundisha. Wanafunzi wanaoingia kuvisoma huko husoma kwa Kifaransa na kutoka nje wakiongea Kiswahili. Kwa anayetaka kuanza na Mudimbe, ushauri wangu ni aanze na Entre les eaux, kisha L'Écart, halafu ndipo ashike kitabu cha 1988. Na pembeni aweke picha za Tshibumba, azitazame kila anapochoka na nadharia.