Lita 750 zimeenda wapi? Historia fupi ya mafuta mazito na joto

Ukinunua tokeni ya stima hapa Riruta, sehemu ya pesa zako hulipia mafuta. Kati ya makato kuna gharama ya mafuta, ambayo hupanda na kushuka kulingana na jinsi mitambo kama Kipevu III na Rabai kule pwani, na ule wa Thika wenye megawati 87, inavyofanya kazi. Mitambo hiyo huchoma mafuta mazito, yale meusi yanayobaki baada ya petroli, mafuta ya taa na dizeli kutolewa. Sasa swali: lita moja ya mafuta hayo ni kiasi gani?

Usicheke. Swali hili limewashughulisha wataalamu kwa zaidi ya miaka 100, na mwishowe jibu likawa programu ya kompyuta.

Tatizo lenyewe

Mafuta yakipata joto hutanuka. Uzito wake haubadiliki, ila nafasi yanayochukua huongezeka. Mafuta mazito yana shida ya ziada: yakipoa huganda kama uji uliolala, kwa hiyo lazima yapashwe moto ndipo pampu iyasukume. Bomba la Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978, hubeba mafuta mepesi tu. Mazito hupanda bara kwa lori la tangi.

Tuchukue mfano. Lori limebeba lita 30,000 zenye joto la nyuzi 50. Densiti ya mafuta hayo kwenye nyuzi 15 ni kilo 960 kwa kila mita ya ujazo. Ukirudisha hesabu kwenye nyuzi 15 unapata lita 29,250. Zimepungua lita 750, karibu mapipa manne yale ya lita 200! Je, kuna aliyeiba? Hapana. Uzito ni kilo 28,080 kabla na baada. Lakini mnunuzi aliyelipa kwa lita za moto bila kuuliza joto, hizo 750 amezilipia.

Enzi ya vitabu

Mwaka 1916 ofisi ya taifa ya vipimo ya Marekani ilichapisha majedwali ya kusahihisha ujazo wa mafuta. Mwaka 1952 Wamarekani na Waingereza wakatoa majedwali ya pamoja. Vilikuwa vitabu vinene: unatafuta joto upande mmoja, densiti upande mwingine, unasoma kizidisho pale vinapokutana.

Miaka hiyo hiyo reli yetu ilikuwa mlaji mkubwa wa mafuta mazito. Injini 34 za mvuke za Garratt, daraja la 59, ziliwasili mwaka 1955 na 1956 kutoka kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, nazo zilichoma mafuta hayo. Moja, namba 5918, unaweza kuiona katika makumbusho ya reli Nairobi.

Kitabu kinageuka programu

Mwaka 1980 majedwali yalifanywa upya, kwa vipimo vya sampuli zaidi ya 400. Hapa ndipo sisi waandika programu tunapoingia. Ilitangazwa kwamba kiwango rasmi si kitabu tena, wala si fomula peke yake. Kiwango ni utaratibu wa hesabu, hatua kwa hatua, wa kuandikia programu. Kwa mafuta mazito, kiini chake ni hiki (d ni densiti kwenye nyuzi 15, t ni joto lililopimwa toa 15):

a = 186.9696/(d*d) + 0.4862/d
kizidisho = exp(-a*t*(1 + 0.8*a*t))

Weka d = 960 na t = 35, utapata 0.9750.

Kwa nini fomula haikutosha? Kwa sababu kompyuta za wakati ule hazikuhifadhi desimali kwa namna moja. Fomula moja, mashine mbili, majibu mawili. Kwenye shehena ya lita milioni 30, tofauti ya 0.0001 ni lita 3,000. Basi wakaandika hata mahali pa kukata tarakimu katikati ya hesabu, ili muuzaji na mnunuzi wapate jibu lile lile. Mwaka 2004 ukataji huo wa katikati uliondolewa, na kizidisho cha mwisho kikawa na desimali tano.

Angalia pia joto la marejeo. Wamarekani hutumia nyuzi 60 za Farenhaiti, nchi nyingi nyuzi 15 za Selsiasi, na mafuta ya bomba letu la Kenya huhesabiwa kwa nyuzi 20. Hati isiyotaja joto la marejeo ina kasoro ile ile ya programu iliyosahau kusema kama namba ni shilingi au senti.

Na mwisho, rudi kwenye lori letu. Tuseme kipimajoto kimesomwa nyuzi 40 badala ya 50. Programu itajibu lita 29,465, yaani 215 zaidi ya zilizopo, na haitalalamika hata kidogo. Desimali tano za mwaka 2004 hazimsaidii mnunuzi hapo. Kinachomsaidia ni kupanda juu ya tangi na kusoma kipimajoto mwenyewe kabla ya kutia sahihi. Asipofanya hivyo kwenye mtambo wa umeme, bili itatafuta njia ya kufika kwako na kwangu, tokeni kwa tokeni.